Wimbo ulioongoza wiki 1 umeushindaje ulioongoza wiki 19? Kinyozi wangu anadai pweza wake

#1 KoroshoGhafi (Mtwara mjini), 2 Januari 2025

Wakuu, heri ya mwaka mpya.

Juzi tulikuwa kwa kinyozi hapa Chikongola, foleni hadi nje, kila mtu anataka kuingia 2025 na kichwa kipya. Redio ikaanza kusoma orodha ya jarida la Billboard ya nyimbo za mwaka 2024 za kule Marekani. Namba moja: Teddy Swims, "Lose Control". Nikaruka kwenye benchi. Haya mambo nayafuatilia, na wimbo huo uliongoza Hot 100, chati yao ya nyimbo 100 ya kila wiki, wiki moja tu, mwezi Machi. Shaboozey na "A Bar Song (Tipsy)" kaongoza wiki 19, kaifikia rekodi ya Lil Nas X na "Old Town Road" ya 2019. Sasa 19 kwa 1, halafu wa 1 ndiye wimbo wa mwaka?

Nikasema mbele ya watu kwamba mtangazaji kasoma vibaya. Kinyozi akasema hajasoma vibaya. Tukawekeana sahani ya pweza pale Feri, mashahidi watu sita, mmoja nusu kichwa kimenyolewa.

Nimerudi nyumbani nimeangalia. Kweli mtangazaji hakukosea. Ila kulipa bado sitaki, maana kama hesabu yenyewe ina kasoro basi na mimi nina haki. Wajuvi nielezeni inahesabiwaje.

#2 NgalawaMbovu

Lipa pweza. Uzi ufungwe.

#3 BintiMikindani

Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu. Hiyo "mashahidi watu sita" imenimaliza.

#4 MwalimuWaZamu (Newala)

Mkuu KoroshoGhafi, hili jambo jepesi. Orodha ya mwaka haiulizi nani kaongoza wiki nyingi. Inajumlisha pointi zote ambazo wimbo umepata kila wiki.

Chukua mfano wa kubuni. Wimbo wa kwanza unapata pointi 300 kwa wiki, unadumu wiki 8 kileleni halafu unazama. Jumla 2,400. Wimbo wa pili haujawahi kuongoza, unapata pointi 150 tu lakini kwa wiki 40. Jumla 6,000. Nani zaidi?

Darasani kwangu kuna kijana anaongoza jaribio la kila mwezi la Hisabati halafu wiki nyingine haonekani, kaenda kuokota korosho. Mwisho wa mwaka anapitwa na binti ambaye hajawahi kuwa wa kwanza hata siku moja, wa pili na wa tatu tu, ila yupo kila siku. Wazazi wa kijana huwa wanakuja juu kama wewe.

#5 KoroshoGhafi

Mwalimu nimekuelewa, lakini mfano wako unanisaidia mimi. Shaboozey hakuzama. Wiki 19 kileleni si kijana mtoro huyo!

#6 DijeiMstaafu (Lindi)

Naona mnaongea kama vile njia ya kuhesabu ni moja tangu dunia iumbwe. Siyo.

Hot 100 ilianza Agosti 1958. Kwa miaka mingi orodha ya mwaka ilipangwa kwa kugeuza nafasi kuwa pointi: wa kwanza anapewa nyingi, wa 100 anaambulia moja, unajumlisha mwaka mzima, mengine ni mapambo ya juu yake. Kwa mtindo huo hata mwanya uwe mkubwa vipi kati ya wa kwanza na wa pili, tofauti inabaki ileile. Mmoja kauza magunia mia, mwingine magunia kumi, kwenye daftari wanapishana pointi moja.

Mwaka 1991 ndipo mambo yalipogeuka. Zamani maduka ya santuri yaliulizwa kwa simu na karatasi: nini kinauzika? Mwenye duka anajibu anavyokumbuka, au anavyopenda, au kulingana na nani kamletea zawadi wiki ile. Ikaja mashine ya kusoma mistari ya bei pale kaunta, mfumo wa SoundScan. Albamu zilitangulia mwezi Mei, Hot 100 ikafuata Novemba. Wiki chache baada ya Mei, N.W.A, watu wa rapu ngumu, wakakaa namba moja ya albamu. Septemba Garth Brooks wa kantri akaingia moja kwa moja namba moja. Hawakupata mashabiki ghafla, walikuwa nao siku zote, ila waliokuwa wanaulizwa hawakuwataja.

Tangu hapo orodha ya mwaka inajumlisha mauzo na usikilizaji wenyewe, kama alivyosema Mwalimu. Kwa hiyo ukitaka kumtetea Shaboozey sema kwanza unatumia kipimo cha mwaka gani.

#7 NgalawaMbovu

Dijei umeandika kitabu. Asante kwa darasa. Pweza alipwe.

#8 Mtu_wa_Ferry

Mnajisumbua bure. HELA. Lebo zinalipa. Ukitaka wimbo wako uwe wa mwaka unatoa bahasha, mchezo umeisha. Kule kama huku.

#9 BintiMikindani

#8 kila uzi jibu lako ni hela. Hata ule wa mbona mvua hazinyeshi Nanyamba ulisema hela.

#10 Mtu_wa_Ferry

Na sikukosea.

#11 MweraHalisi (Nachingwea)

Wote mmeruka jambo kubwa kuliko yote: MWAKA WENYEWE. Mwaka wa Billboard hauanzi Januari. Unaanzia mwishoni mwa mwaka uliotangulia na unafungwa kabla ya Desemba, ili orodha itoke kabla ya sikukuu. Huo wa 2024 ulifungwa Oktoba.

Shaboozey alikaa namba moja kwa mara ya kwanza Julai 2024. Wiki yake ya 19 ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Maana yake wiki zake kadhaa za mwisho hazikuhesabiwa kwenye 2024. Teddy Swims alikuwa tayari kwenye chati tangu 2023, mwaka ulipofunguliwa akawa anachuma, Januari anachuma, Machi anachuma, hadi unafungwa bado anachuma.

Sisi watu wa kusini tunaelewa vizuri kuliko wengine. Kwa nini msimu wa korosho unaandikwa 2024/2025 na mkwaju katikati? Kwa sababu mnada unaanza Oktoba na malipo mengine yanaingia Januari. Ukilazimisha hesabu ifungwe Desemba 31, kuna mzee wa Liwale ataonekana hakuuza hata kilo, kumbe hela ya chama cha msingi haijaingia tu benki.

#12 KoroshoGhafi

NDIYO HIYO! Nilijua kuna kitu. Kinyozi hapati hata mkia wa pweza.

#13 MwalimuWaZamu

Pweza hana mkia.

#14 MnaziMmoja82 (Lindi)

Watu wa Mtwara na kugawa hesabu. Sisi mlitujumlisha kwenu hadi 1971 mkoa wetu ulipotengwa, na hadi leo kuna mtu huko Shangani anahesabu Kilwa ni yake.

#15 MweraHalisi

Hahaha, #14 umeanza mwaka vizuri. Turudi kwenye mada.

#16 DijeiMstaafu

#11 ni kweli mwaka umekatwa, lakini usimpe KoroshoGhafi ushindi kirahisi. Miaka mingine mkato wa mwaka hauelezi kitu. Tazameni 2022: Harry Styles, "As It Was", wiki 15 namba moja, zote ndani ya mwaka uleule wa hesabu. Orodha ya mwaka ikampa Glass Animals na "Heat Waves", waliokaa kileleni wiki 5. Wimbo huo ulipanda ngazi kama konokono, ulifika namba moja wiki ya 59 tangu uingie kwenye chati.

Na 2021 ndiyo balaa. "Levitating" ya Dua Lipa haikuwahi kufika namba moja hata wiki moja. Iliishia namba mbili, wimbo wa mwaka ukawa yeye, kwa sababu alikaa wiki 41 ndani ya kumi bora. Lifehouse 2001 hivyohivyo, Faith Hill na "Breathe" mwaka 2000 hivyohivyo: wote waligota namba mbili, wote wakaongoza mwaka. Hata 1965, enzi za pointi za kugeuza, "Wooly Bully" iliishia namba mbili ikawa ya mwaka.

#17 BintiMikindani

Subiri, kwa hiyo kuna mtu anaweza kuwa mke wa pili maisha yake yote halafu mirathi yote ikawa yake?

#18 Bibi_wa_Mkonge

Binti, yapo. Nimeyaona kwa macho yangu. Endeleeni na muziki.

#19 Fundi_Redio (Masasi)

Kuna jambo hamjalitaja. Wimbo mkongwe kule unaweza kufukuzwa kwenye Hot 100. Ukimaliza wiki 20 ukashuka chini ya nafasi ya 50, unatolewa. Na kwa kanuni ya mwaka 2024, ukimaliza wiki 52 ukashuka chini ya 25, ulitolewa pia. Yaani watu bado wanausikiliza lakini chati imeufungia mlango ili vijana waingie.

Kwa hiyo wenye kudumu kama "Lose Control" wanapata faida mara mbili. Hawashuki chini ya mstari, basi hawafukuzwi, wanaendelea kujumlisha. Mwenzao aliyeteleza nafasi moja chini ya mstari anakatwa.

#20 MwalimuWaZamu

Fundi asante, hilo la kufukuzwa sikulijua. Nasahihisha #4: niliandika "pointi zote". Kumbe ni zote za wiki alizokuwa ndani.

#21 Kijana_wa_Memori (Masasi, stendi)

Wakubwa shikamooni. Mimi naingiza watu nyimbo kwenye memori kadi na flashi hapa stendi. Naomba kuuliza, je sisi tunahesabiwa na nani? Maana mtu wa kijijini hana bando la kila siku. Anakuja na memori yake, anasema niwekee mia mbili, anaondoka nazo. Atausikiliza wimbo mmoja mara elfu kwenye sabufa na hakuna mtandao utakaojua.

#22 Mtu_wa_Ferry

Kijana, COSOTA, wale wa hakimiliki, wanasoma uzi huu.

#23 Kijana_wa_Memori

Mkuu mimi nauliza tu, sijasema naingiza nyimbo za nani.

#24 DijeiMstaafu

Swali la kijana ndilo swali lenyewe. Chati ni kile ulichochagua kukihesabu.

Uingereza walianza 14 Novemba 1952 kwa kupiga simu kwenye maduka kama 20 hivi ya London na kwingineko, Al Martino akatoka namba moja. Mpaka leo chati yao rasmi ya nyimbo haihesabu redio kabisa. Ni mauzo na usikilizaji wa mtandaoni basi. Marekani redio imo. Kwa hiyo wimbo ambao watangazaji hawauachi, hata kama hakuna anayeununua tena, Marekani unaendelea kuchuma na London haumo. Hilo linaweza kueleza "Lose Control" kuliko mambo yote mliyosema, redio za kule ziliung'ang'ania mno.

#25 MweraHalisi

Kwa hiyo Dijei unasema si mwaka uliokatwa, ni redio?

#26 DijeiMstaafu

Nasema sijui kwa nini mnataka sababu moja.

#27 Fundi_Redio

Na usikilizaji wenyewe haulingani uzito. Kwa kanuni ya Billboard ya 2018, anayelipia kusikiliza alihesabiwa pointi nzima, anayesikiliza bure na matangazo alihesabiwa theluthi mbili. Uingereza ni kali zaidi: nyimbo 100 za mlipaji ni sawa na mauzo ya nakala moja, lakini za bure zinahitajika 600. Halafu wimbo ukishapita wiki kumi na ukawa unashuka wiki tatu mfululizo, viwango vinakuwa 200 na 1,200. Yaani unazeeshwa kwa nguvu.

#28 KoroshoGhafi

Daraja la kwanza na daraja la pili. Ghala ni lilelile.

#29 BintiMikindani

Mtu wa Mtwara hawezi kueleza kitu chochote bila korosho. Ningejua kueleza mapenzi kwa kutumia korosho ningekuwa nishaolewa.

#30 Dogo_Konde

Wakuu mnasahau nyumbani. Konde Boy ni mtu wetu, katoka mkoa huu huu. Kwa nini tusijipange wote Mtwara na Lindi tukasikiliza Harmonize mwezi mzima tumwingize Hot 100?

#31 Fundi_Redio

Dogo, Hot 100 inahesabu Marekani peke yake. Usikilize hadi simu iyeyuke hapo Tandahimba, haikuhusu. Ipo nyingine, Global 200, ilianza Septemba 2020, hiyo ndiyo inakusanya nchi nyingi. Na Waingereza wana chati yao ya Afrobeats tangu Julai 2020, ila nayo ni kwa wasikilizaji wa kwao.

#32 Dogo_Konde

Mbona Rema na "Calm Down" waliingia?

#33 Fundi_Redio

Kwa sababu Wamarekani walisikiliza. Selena Gomez alipoingia kwenye wimbo, redio zao zikafunguka. Ulifika namba tatu mwaka 2023 na ukadumu zaidi ya mwaka mzima kwenye Hot 100. Hapo tena ni kudumu, si kuongoza.

#34 NgalawaMbovu

Simba au Yanga haiwezi kuchukua ubingwa kwa kuongoza ligi Septemba hadi Machi. Bingwa ni msimamo wa mwisho. Shaboozey kaongoza ligi miezi mitano hakuna kombe. Pweza.

#35 MnaziMmoja82

Mfano wako umevunjika mwenyewe. Ligi ni pointi za mechi zote, lakini kila timu inacheza mechi sawa. Hapa Teddy kacheza mechi za mwaka mzima, Shaboozey kaanza Aprili. Namungo wangeanza ligi Desemba halafu mseme mbona hawana pointi?

#36 NgalawaMbovu

Nimeumia. Lakini pweza alipwe.

#37 Mtu_wa_Ferry

Narudi kwenye hela kwa sababu mmenikimbia. Mwaka 1959 na 1960 kule Marekani kulikuwa na kashfa kubwa ya watangazaji kulipwa kisirisiri wapige nyimbo, Alan Freed akapoteza kazi, na 1960 ikatungwa sheria. Sasa Dijei, wewe ulikuwa redioni. Apa kwamba hukuwahi kupokea.

#38 DijeiMstaafu

Naapa sikupokea hela. Nilipokea jogoo.

Nieleze basi, kwa kuwa miaka imepita. Kati ya 2004 na 2009 nilikuwa natangaza 20 bora kwenye redio moja ya kanda hii, jina libaki moyoni. Kila Jumamosi. Wasikilizaji wanatuma meseji, mimi na kijana mmoja tunachora vijiti kwenye daftari, vinne na cha tano kinakatiza. Kazi ya heshima. Lakini vituko! Namba moja ya simu inatuma meseji 60 kwa wimbo uleule. Unafanyaje? Mwanzo nilihesabu zote, maana vocha ni yake. Baadaye tukasema simu moja kura moja. Wiki iliyofuata msanii mmoja chipukizi kanunua laini za simu. Akawa na mabinamu Mtama nzima.

Mwisho wa mwaka nikatakiwa nisome orodha ya nyimbo za mwaka. Nikakaa na madaftari 52 usiku kucha, taa ya chemli. Nikajumlisha vijiti. Ikatoka namba moja wimbo ambao hakuna mtu aliyekuwa anausema mtaani, wa taratibu, wa mapenzi, ulikuwa wa tano wa sita wa nne mwaka mzima kama maji kwenye mtungi. Bosi akaangalia akasema hapana, watu watatucheka, weka ule uliotikisa Agosti. Na shemeji yake alikuwa na wimbo, huo naomba uwe wa tatu.

Nikasoma kama alivyotaka. Siku ya pili akaja mzee mmoja kutoka Ng'apa, kapanda daladala, na jogoo kwapani. Akasema, "Mwanangu, ule wimbo wa taratibu mbona haukutajwa kumi bora? Mimi nimeuombea meseji kila Jumamosi tangu Februari." Nikamwambia ulikuwa wa kumi na moja. Nikamdanganya mtu mzima, na jogoo akaniachia.

#39 BintiMikindani

Dijei hiyo ya jogoo imeniingia. Ulimla?

#40 DijeiMstaafu

Nilimfuga. Alikufa mdondo.

#41 Bibi_wa_Mkonge

Sisi tulikuwa na kadi za salamu za redio ya taifa. Unaandika majina ya watu kumi na tano, na wimbo unaoupenda, unatia posta Mikindani. Wiki sita unasikia jina lako. Hakukuwa na namba moja. Wimbo wako ukipigwa siku hiyo ndiyo namba moja.

#42 Mtu_wa_Ferry

Kwa hiyo jogoo ni hela. Nimeshinda.

Na kwa hawa wa mtandao msiseme sasa ni mashine basi hakuna ujanja. Mwaka 2019 YouTube walilazimika kutangaza kwamba hawatahesabu tena kwenye chati zao za muziki watazamaji waliotokana na matangazo ya kulipia, baada ya wimbo mmoja wa India kutajwa umetazamwa mara milioni 75 ndani ya saa 24 na gumzo la matangazo kuzuka. Hiyo ni kangomba tupu, ule ulanguzi wa korosho. Mnunuzi kaja Agosti na bakuli lake kabla msimu haujafunguliwa, halafu Oktoba anajiita mkulima bora.

#43 KoroshoGhafi

Umeona BintiMikindani? Hata yeye katumia korosho.

#44 MwalimuWaZamu

Tofautisheni basi kununua na kuvimba kihalali. Machi 2017 Ed Sheeran alitoa albamu, nyimbo zake 16 zikajaa ndani ya 20 bora ya Uingereza. Hakununua mtu, watu walikuwa wanasikiliza albamu nzima na kila wimbo unahesabiwa. Wakabadilisha kanuni, msanii mkuu asizidi nyimbo tatu. Kwa hiyo wasikilizaji walisema 16, chati ikasema 3. Nani mkweli?

#45 MweraHalisi

Mwaka huohuo 2017, Marekani, "Despacito" wiki 16 kileleni, na ya mwaka ikawa "Shape of You" ya huyohuyo Sheeran yenye wiki 12. Sheeran alianza Januari, Luis Fonsi akapaa Mei. Narudia, ni tarehe.

#46 Fundi_Redio

Siyo tarehe peke yake. "Shape of You" ilikaa wiki 33 ndani ya kumi bora. Ungemwanzisha Mei angeshinda vilevile.

#47 MweraHalisi

Hujui hilo. Angeanza Mei angepambana na "Despacito" kila wiki.

#48 Fundi_Redio

Na wewe hujui.

#49 MnaziMmoja82

Chukueni "Waah!" ya Diamond na Koffi Olomide. Imetoka 30 Novemba 2020. Desemba yote, harusi zote za Lindi, ilikuwa hiyo tu. Sasa ni wimbo wa 2020 au wa 2021? Ukiniuliza mimi niliyeoa Desemba ile nitakwambia 2020. Ukimuuliza mwenye chati inayofungwa Novemba atasema 2021. Mke wangu anasema ni wimbo wa kaka yake tu kwa sababu alicheza hadi akaanguka.

#50 BintiMikindani

Kijana_wa_Memori, umepotea. Si ulisema watu wanakuomba nyimbo? Huwa unaandika?

#51 Kijana_wa_Memori

Dada naandika. Nina daftari tangu Januari iliyopita, kila mtu akitaja wimbo kwa jina naweka kijiti. Ni kwa ajili ya kujua nipakue nini nikiwa na bando.

#52 KoroshoGhafi

Leta hesabu! Ya mwaka mzima! Hii ndiyo Billboard ya kusini.

#53 Kijana_wa_Memori, 4 Januari 2025

Shikamooni tena. Nimehesabu jana usiku hadi saa saba. Majina sitaji, mashabiki watanichomea kibanda. Nitaziita A, B na C.

A ilitoka Septemba. Iliongoza Septemba, Oktoba na Novemba, miezi ambayo nina wateja wengi kwa sababu watu wanaanza kushika hela ya korosho, wananunua simu na sabufa. Desemba ikafa kabisa, kila mtu alikuwa nayo tayari kwenye memori.

B haijaongoza hata mwezi mmoja. Lakini kila mwezi ipo, na miezi ya hela inakuwa ya pili nyuma ya wengine.

C ni ngoma ya kwetu iliyorekodiwa kwa simu kwenye unyago. Hiyo inaombwa sana Februari hadi Agosti, miezi ya njaa, wateja wachache.

Sasa. Nikifunga daftari mwisho wa Novemba, A imeipita B kwa vijiti 7. Nikiongeza Desemba, B imeipita A kwa vijiti 19. Nikafanya na ule mtindo wa zamani wa Dijei, wa kwanza pointi kumi, wa pili tisa, kila mwezi. Imetoka C. Nimerudia mara mbili nikijua nimekosea. Imetoka C.

#54 MwalimuWaZamu

Hujakosea. Mtindo ule mwezi wa wateja 20 unapewa uzito sawa na mwezi wa wateja 300. C imeshinda miezi mingi midogo.

#55 Bibi_wa_Mkonge

C ndiyo ya mwaka. Ile ngoma naijua na mwanamke anayeongoza namjua.

#56 MweraHalisi

B. Mwaka ni miezi kumi na mbili.

#57 Dogo_Konde

A ni ya nani? Ni Konde? Sema tu ni Konde.

#58 Kijana_wa_Memori

Sisemi.

#59 Mtu_wa_Ferry

Nani kakulipa usiseme?

#60 KoroshoGhafi

Wakuu nimetoka kwa kinyozi sasa hivi, nimemsomea uzi mzima kuanzia #1, wateja wakisikiliza. Kasema hoja zote kazielewa. Halafu kasema tulichowekeana ni kama mtangazaji kasoma vibaya au hakusoma vibaya, hesabu haikuwemo kwenye dau. Mashahidi wanne kati ya sita wamemuunga mkono, wawili wanasema walikuwa wanaangalia kioo.

Nimemwambia tuhesabu upya, maana mashahidi wale wawili hawajapiga kura. Kasema mwaka umeshafungwa.

#61 NgalawaMbovu

Feri saa ngapi? Nakuja na limau.

#62 BintiMikindani

Na mimi. Kijana_wa_Memori, ukishuka Mtwara niletee hiyo C, nina flashi ya giga nane.